Taka za sumu nyumbani: namna ya kuzitenga, kuzihifadhi na kuzitoa bila kumdhuru mtu

Kijana anayezoa taka mtaani kwetu, Dar es Salaam, alibisha hodi asubuhi moja ambayo haikuwa siku ya zamu yake. "Shikamoo mama," alisema, kisha akanionyesha kiganja cha mkono wa kulia. "Ule mfuko wa juzi ulinichoma." Ndani ya kiroba chetu, katikati ya maganda ya ndizi na majivu ya mkaa, ilikuwamo sindano ya insulini ya mama yangu mzazi, ambayo mimi mwenyewe niliitumbukiza humo. Tulikwenda naye kituo cha afya saa ileile, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya virusi vya UKIMWI baada ya kuchomwa hutakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Yeye aliandikiwa dozi ya siku 28. Mimi nilirudi nyumbani nikaanza kupekua makabati.

Nilikuta balbu tatu za enaji seva zilizoungua, betri ya simu iliyovimba, dawa mseto na dawa ya kikohozi zilizopitwa na muda, kopo la dawa ya mbu, nusu chupa ya asidi ya kusafishia choo, tina iliyobaki tulipopaka rangi geti, chupa ya soda yenye mafuta ya taa, na nyuma ya nyumba galoni ya oili chafu ambayo hakuna aliyekumbuka iliwekwa lini. Sidhani kwamba nyumba yangu ni ya ajabu. Yeyote atakayefungua kabati la chini ya sinki lake atakuta orodha inayofanana na hii.

Kisheria, taka za namna hii huitwa taka hatarishi, yaani zile zinazoweza kuwaka, kubabua, kulipuka au kumdhuru kiumbe kwa sumu, na Tanzania inazo kanuni zake chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Hata hivyo, katika mitaa mingi hakuna gari linalopita kukusanya taka hizi peke yake. Kila kitu huingia kiroba kimoja, kiroba hupakiwa kwenye guta, guta humwaga kwenye lori, na lori huishia Pugu Kinyamwezi, ambako waokota makopo huchambua kwa mikono yao. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata kanuni moja: kila kitu hatari kirudi kwa watu wa fani kilikotoka, kwa maana dawa irudi kwa mfamasia, betri kwa wanaonunua betri na oili kwa gereji, na kabla hakijarudi, kikae peke yake mahali pasipofikika kwa mtoto.

Kutenga na kuhifadhi

Tafuta ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, iandike kwa kalamu ya wino usiofutika TAKA HATARI, na uiweke juu, penye kivuli na hewa, mbali na jiko na mtungi wa gesi. Stoo yenye kufuli ndiyo bora. Ndoo hii ni ya vitu vikavu na vidogo kama balbu na betri ndogo. Vimiminika havimiminwi ndani yake hata kidogo, bali hubaki kila kimoja katika chombo chake cha asili, kikiwa na lebo yake, na husimamishwa kando ndani ya beseni ili kikivuja kisisambae.

Nasisitiza chombo cha asili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni watoto. Mafuta ya taa katika chupa ya soda hayana tofauti na kinywaji machoni pa mtoto wa miaka miwili, na akiyanywa, hatari kubwa haipo tumboni bali mapafuni, kwa sababu mafuta huteleza kuingia njia ya hewa. Ndiyo maana mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, au aliyekunywa kitu kinachobabua kama asidi na kosti soda, hatapishwi kamwe: apelekwe hospitali mara moja, na chombo chenyewe kibebwe ili mganga ajue anashughulika na nini. Sababu ya pili ni michanganyiko. Dawa ya kung'arishia nguo ambayo wengi tunaiita jiki, ikikutana na asidi ya kusafishia choo, hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyorushwa kwenye mahandaki ya Ypres, Ubelgiji, katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1915, na choo chetu cha kawaida ni chumba kidogo chenye dirisha la kiganja. Ikikutana na amonia, iliyomo katika baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine inayochoma macho na koo. Anayemimina masalia ya chupa tatu katika chupa moja ili kupunguza nafasi kabatini anafanya jaribio la kemia bila kujua.

Kuna njia tatu za mkato ambazo karibu kila mtu amewahi kuzitumia, nami pia. Kumwaga kwenye sinki au choo huonekana kumaliza kazi, lakini dawa kali huua bakteria wanaosaga uchafu ndani ya karo la maji taka, na kinachovuka karo hufuata maji ya ardhini hadi kisimani. Kuchoma moto nyuma ya nyumba hulipua makopo ya dawa ya mbu, huvukiza zebaki, na plastiki za nyaya zinapoungua hutoa dioksini, sumu inayotua ardhini, ikaokotwa na kuku wanaodonoa hapo na kurudi mezani ndani ya mayai yao. Kuzika au kutupa katika choo cha shimo huahirisha tu tatizo hadi bati la betri litakapoliwa na kutu.

Sindano na dawa

Sindano iliyotumika haivunjwi, haipindwi, wala hairudishiwi kifuniko kwa mikono miwili, maana ajali nyingi hutokea hapo hapo. Idondoshe palepale ndani ya chombo kigumu kisichotoboka, mfano chupa tupu ya sabuni ya maji au ya jiki yenye plastiki nene, uiandike SINDANO, na uifunge ikifika robo tatu. Chupa ya maji ya kunywa haifai kwa kazi hii, plastiki yake ni nyepesi na inaonyesha kilichomo, jambo linalowavuta watoto. Chupa iliyojaa ipelekwe katika zahanati au kituo cha afya ambako mgonjwa anachukua dawa zake. Wao wana maboksi ya usalama na njia ya kuteketeza. Uliza kabla ya kwenda, ukitaja kwamba ni za mgonjwa wa kisukari wa nyumbani, kwa kuwa si kila mhudumu amezoea kupokea.

Dawa zilizopitwa na muda zirudishwe kwanza kwa mfamasia au hospitali uliyozipata. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ndiyo yenye kusimamia uteketezaji wa dawa zisizofaa nchini, na duka la dawa lililosajiliwa linajua utaratibu huo kuliko wewe. Pale ambapo hakuna anayepokea, ipo njia ya pili ambayo si kamili lakini ni afadhali kuliko choo: toa vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, vichanganye na kitu kinachochukiza kama majani ya chai yaliyochujwa, majivu au udongo wenye unyevu, funga mchanganyiko huo katika mfuko usiovuja, kisha uuweke katikati ya taka za kawaida. Shabaha ni kwamba mtu au mbuzi asivione kuwa ni vidonge. Dawa ya maji humiminwa juu ya majivu kwa namna hiyo hiyo. Antibayotiki zisimwagwe kwenye maji kwa sababu yoyote, kwani kiasi kidogo kinachosambaa mazingirani huwazoesha vijidudu dawa. Futa jina la mgonjwa kwenye lebo. Ugonjwa wa mtu si habari ya jalala.

Balbu na zebaki

Balbu ya enaji seva iliyojipinda kama jalebi, pamoja na tyubulaiti ndefu, zina zebaki ndani. Katika balbu ndogo kiasi chake kwa kawaida hakizidi miligramu 5, nacho hakina madhara maadamu kioo ni kizima. Chini ya Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu waliugua na kufa kwa kula samaki wenye zebaki, nchi wanachama zilikubaliana kuachana na balbu ndogo za aina hii kufikia 2025 na tyubulaiti kufikia 2027. Maana yake ni kwamba katika miaka hii michache nyumba nyingi zitazishusha kwa pamoja na kufunga taa za LED, ambazo hazina zebaki, na za zamani zitahitaji pa kwenda. Irudishe iliyoungua katika boksi la ile mpya uliyonunua, kisha ndani ya ndoo.

Ikivunjika, kosa la kwanza karibu kila mara ni lile lile: mtu hukimbilia fagio. Fagio hutawanya unga mweupe na chembe za zebaki hadi chini ya kochi, na tangu hapo fagio lenyewe ni chanzo cha sumu. Badala yake, watoe watu wote na paka chumbani, zima feni, fungua madirisha na mlango wa nje, halafu utoke wewe pia kwa dakika 10 au zaidi. Ukirudi, vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kunja kipande cha boksi gumu mara mbili, na ukitumie kusogeza vipande juu ya kipande kingine, polepole, kuanzia pembeni kuelekea katikati. Unga uliobaki unabanduliwa kwa seloteipu: bandika, inua, bandika pengine, hadi utepe usitoke tena na vumbi. Malizia kwa karatasi laini iliyoloweshwa. Vyote hivyo, glavu zikiwemo, huingia katika chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, kama ile ya jemu, na chupa hukaa nje ya nyumba. Acha madirisha wazi kwa saa kadhaa. Balbu ikivunjikia kwenye mkeka au zulia, lipeleke nje juani kwanza, usilikung'ute ndani.

Kipimajoto cha kioo chenye zebaki ni jambo kubwa zaidi, kwa sababu kimoja kinaweza kuwa na takriban gramu nzima, yaani zebaki ya balbu mia mbili au zaidi. Vua pete na bangili za dhahabu kabla hujagusa chochote, maana zebaki hung'ang'ania dhahabu, na hiyo ndiyo sababu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya huitumia. Zima taa, laza tochi sakafuni ili mwanga upite chini chini, nawe utayaona matone yakimeta kama shanga za fedha mahali ambapo mchana usingeyaona. Yakusanye kwa kadi ngumu, uyavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na uyafungie katika chupa.

Betri

Betri za tochi na za rimoti ndizo nyepesi zaidi katika shughuli hii. Zikianza kutoa ute mweupe, zishike kwa glavu, futa ute huo kwa kitambaa chenye siki kidogo, na uzifungie katika kopo kavu. Zile ndogo za duara, za saa na vichezeo, zinahitaji umakini wa pekee: mtoto akimeza, umeme wake unaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili, na betri iliyochoka kiasi cha kutowasha saa bado ina nguvu ya kufanya hivyo. Zifungie seloteipu pande zote mbili mara tu unapozitoa.

Betri za simu, kompyuta na pawabanki ni za lithiamu, nazo zikitobolewa au kubanwa huwaka moto mkali ambao ni mgumu kuuzima. Lori la taka linalokandamiza mizigo ndilo mahali pabaya kuliko pote kwa betri hizi. Ziba vituo vyake vya chuma kwa seloteipu. Iliyovimba usiichaji tena, usiikandamize irudi bapa na usiitoboe ili itoe hewa, ingawa wapo mafundi wanaothubutu. Ilaze ndani ya kopo la bati lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, na uipeleke mapema. Nairobi wana kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za kielektroniki, na Rwanda wana kiwanda cha kuzichakata Bugesera. Kwetu, fundi simu mwenye duka la kudumu mara nyingi huwajua wakusanyaji wanaopita kuchukua betri na bodi za simu, na ofisi ya NEMC ya kanda hueleza ni kampuni zipi zina kibali.

Betri ya gari au ya sola ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ina bei. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, na mnunuzi wa vyuma chakavu ataifuata hadi mlangoni. Tatizo ni kwamba wengi wao hutaka imwagwe maji kwanza ili wapime uzito wa chuma pekee, na yale maji ni asidi ya salfa iliyochanganyika na risasi. Ukikubali kuimwaga mtaroni, umejichafulia mtaa kwa tofauti ya shilingi elfu chache. Ibaki imesimama wima ndani ya beseni la plastiki, vifuniko vimefungwa, na uipeleke kwa muuza betri mpya, ambaye mara nyingi hupunguza bei akipokea ya zamani. Asidi ikimwagika, nyunyizia magadi au bekingi soda kidogo kidogo hadi povu likome, halafu ndipo usafishe kwa maji mengi.

Kwa anayedhani kwamba risasi ni mambo ya wenye viwanda, kuna kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Hapo palikuwa na mtambo wa kuyeyusha betri chakavu ukutani mwa makazi ya watu, na wakazi, watoto wakiwa mbele, walikutwa na risasi katika damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya kesi kupanda na kushuka, Mahakama ya Juu iliirejesha amri hiyo Desemba 2024. Betri zilizoyeyushwa pale zilikuwa betri za kawaida za magari. Ndiyo maana swali la "unaipeleka wapi?" linamhusu hata anayeuza moja tu, na mnunuzi asiyeweza kulijibu hafai kuuziwa.

Oili, tina, rangi na dawa za wadudu

Anayebadilisha oili mwenyewe airudishe ile chafu katika galoni ya ile mpya, asiichanganye na petroli wala maji ya rejeta, na aipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hueleza kwamba oili ya gari moja, inayotoka kwa kubadilishwa mara moja, yatosha kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Najua wengi huipaka kwenye nguzo na mbao kuzuia mchwa. Mchwa hukimbia kweli, lakini metali zilizosagika kutoka kwenye injini hubaki kwenye udongo ambao watoto huuchezea na mchicha huoteshwa.

Tina iliyotumika kuoshea brashi haihitaji kutupwa haraka. Iache itulie siku mbili katika chupa yake, rangi itazama, nawe utaichuja ya juu na kuitumia tena. Rangi ya maji iliyobaki humiminwa kwenye boksi lenye mchanga au machujo ya mbao na kuachwa ikauke hewani. Ikishakuwa tonge gumu inaweza kwenda na taka nyingine. Rangi ya mafuta ni bora umpe fundi atakayeimalizia. Matambara yaliyofutia mafuta ya kung'arishia mbao yasifungwe kwenye mfuko yakiwa mabichi, kwa kuwa hujipasha joto yenyewe hadi kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Kopo la dawa ya mbu litumie hadi liishe kabisa, lisitobolewe, lisichomwe. Chupa ya kiuatilifu cha shambani husuuzwa mara tatu: robo yake maji, itikise kwa nusu dakika, mimina ndani ya bomba la kupulizia, rudia. Maji hayo hupulizwa shambani pamoja na dawa yenyewe, hayamwagwi. Kisha chupa hutobolewa, isije ikawa ya kuwekea mafuta ya kula au maji, na huhifadhiwa hadi afisa ugani au muuzaji aeleze inakokusanywa. Sumu ya panya isiyo na lebo, ile ya kununua barabarani, usiifungue hata kujua ni nini. Ifungie kama ilivyo, uipeleke kwa afisa afya wa kata.

Ndoo yetu hujaa kila baada ya miezi minne hivi, na kuitoa huchukua asubuhi moja ya Jumamosi: kituo cha afya kwa chupa ya sindano, duka la dawa, fundi simu, kisha gereji. Balbu nazipeleka kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki, baada ya kumwomba anionyeshe kibali chake, ombi ambalo mara ya kwanza lilimshangaza na mara ya pili alikuwa amekwisha kukitundika ukutani. Kipimajoto cha mama kilichopasuka mwaka jana bado hakijapata wa kukipokea. Kimo ndani ya chupa ya jemu, mfuniko umekazwa na kuzungushiwa seloteipu, juu ya kabati la stoo ambalo ufunguo wake ninao mimi.